Tuwaandikie wanasoka wetu wastaafu wangali hai

WAPO watu wazima huko Marekani ambao jioni, badala ya kukaa mbele ya televisheni, huketi mezani wakawaandikia barua wazee wasiowafahamu. Wazee hao ni wachezaji wastaafu wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, ambao Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyopenda soka.

Utaratibu wao ni rahisi. Ndani ya bahasha huwekwa barua fupi ya ukurasa mmoja, kadi ndogo yenye picha ya mchezaji huyo enzi zake, na bahasha ya pili ambayo tayari ina stempu na anwani ya mwandishi. Mzee akiipokea anasaini kadi, anaitia kwenye bahasha ya pili na kuirudisha posta. Hatoi hata senti moja.

Baada ya hapo ni kusubiri. Majibu mengine huja baada ya wiki mbili, mengine baada ya mwaka, mengine hayaji kabisa.

Kadi zenyewe zina historia ndefu. Zilianza kusambaa miaka ya 1880, makampuni ya sigara yalipoziweka ndani ya pakiti ili kuvutia wanunuzi. Baadaye zikahamia kwenye chingamu za watoto, na kampuni ya Topps ya New York ndiyo iliyovuma zaidi kwa kadi zake za mwaka 1952. Sisi tuliokulia Mtwara, chingamu tuliiita bazoka, wala hatukujua kwamba Bazooka lilikuwa jina la bidhaa ya kampuni hiyo hiyo ya Topps.

Msomaji asidhani mchezo wenyewe ni wa Wamarekani peke yao. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania.

Lakini leo siandiki kuhusu besiboli. Naandika kuhusu ile bahasha ya pili.

Nasema hivi: jambo la maana katika mapenzi haya ya Wamarekani si kadi wala saini. La maana ni kwamba mchezaji aliyestaafu ana anwani inayojulikana, na mtoto yeyote mwenye kalamu na stempu anaweza kumfikia kabla hajafa. Sisi wa pande zote mbili za mto Ruvuma hatuna utaratibu huo, na kwa kuukosa tunawapoteza wazee wetu mara mbili: kwanza wanapoacha kucheza, kisha wanapozikwa.

Tukumbuke kwamba wengi wa wazee wale wa besiboli hawakuwa matajiri. Hadi mwishoni mwa mwaka 1975 sheria za mchezo wao zilimfunga mchezaji kwa timu yake, hata mkataba ukiisha hakuwa huru kwenda kutafuta malipo bora kwingine. Wengi walifanya kazi nyingine miezi ambayo ligi ilisimama. Mzee wa namna hiyo, anayeishi katika mji mdogo ambako jirani zake vijana hawamjui, akipokea barua ya mtoto inayotaja mechi aliyocheza miaka 50 iliyopita, anapata kitu ambacho pensheni haiwezi kumpa.

Naomba nieleze nimeyajuaje haya ya barua, maana sikuyasoma kitabuni.

Mimi ni mtoto wa Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado. Wazazi wangu walinivusha Ruvuma nikiwa mdogo, katikati ya miaka ya 1980, wakati wa vita kati ya Serikali ya Frelimo na Renamo. Vita ile ilidumu hadi makubaliano ya Roma ya Oktoba 4, 1992, lakini sisi tulibaki mkoani Mtwara miaka kadhaa zaidi kwa sababu nilikuwa shuleni. Kiswahili ninachoandika hapa nilifundishwa na walimu wa Kitanzania, na nitawashukuru hadi nife.

Walimu hao walitufundisha kuandika barua. Kila aliyesoma Tanzania anazikumbuka: barua ya kirafiki yenye anwani moja kulia juu, na barua ya kikazi yenye anwani mbili na "YAH:" iliyopigiwa mstari. Tuliandika barua nyingi sana madaftarini. Mwalimu alizisahihisha kwa wino mwekundu, kisha zikabaki humo humo. Hazikwenda popote.

Moja ya kwangu ilikwenda. Mwaka 1995, nikiwa sekondari, nilimwandikia mwanasoka mmoja mstaafu aliyezaliwa Msumbiji na kuishi Ureno. Nilitumia anwani ya klabu aliyoichezea Lisbon. Baba, ambaye alisoma kwa wamisheni, alinisahihishia Kireno changu. Stempu ya majibu sikuweka, kwa kuwa stempu ya Tanzania haifai kitu Lisbon.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Ilikuwa picha yake yenye saini, na nyuma yake mistari michache ya mkono. Aliniuliza Palma iko upande gani wa Pemba, yaani Pemba yetu ya Cabo Delgado, na akanitaka nisiache shule. Stempu alilipa mwenyewe. Jina lake silitaji, maana aliniandikia mimi, hakuwaandikia wasomaji wa gazeti.

Ndugu msomaji, mtoto wa mkimbizi huzoea kuandikwa jina kwenye orodha. Orodha ya mahindi, orodha ya chanjo, orodha ya wanaorudi. Ile ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuandikwa na mtu ambaye hakuwa akinihesabu.

Picha hiyo sinayo tena. Machi 24, 2021 Palma ilishambuliwa na wapiganaji wale wale walioanza uasi wao Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Tulikimbia na nguo tulizovaa, na niliporudi nyumba ilikuwa majivu. Kilichoungua ni karatasi. Kwamba mtu yule alikaa chini siku moja akaandika jina langu, hilo halikuungua.

Sasa tuwaangalie hao ambao watoto wetu wangeweza kuwaandikia.

Ureno iliposhika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 kule Uingereza, wanne wa kikosi chake walikuwa wamezaliwa Msumbiji: Eusébio, Mário Coluna aliyekuwa nahodha, Hilário na Vicente. Eusébio, mtoto wa mtaa wa Mafalala, alikuwa mfungaji bora kwa mabao tisa. Manne kati ya hayo aliyafunga katika mechi moja dhidi ya Korea Kaskazini, Ureno ikiwa nyuma kwa mabao matatu kwa bila, na mechi ikaisha 5-3. Kabla yao alikuwapo Matateu, kaka yake Vicente, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno mwaka 1953 na tena mwaka 1955. Huyo alifia Kanada Januari 2000, mbali kabisa na kwao.

Eusébio alifariki Lisbon Januari 5, 2014. Coluna alifariki Maputo Februari 25 mwaka huo huo. Ni siku 51 tu kati ya misiba hiyo miwili.

Fikiria hilo. Coluna alifunga bao katika fainali mbili mfululizo za Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, mwaka 1961 na 1962. Baadaye alirudi nyumbani na kuongoza shirikisho la soka la Msumbiji. Hakuwa ng'ambo, aliishi katika nchi yetu wenyewe. Ni watoto wangapi wa Cabo Delgado waliomwandikia? Katika madarasa niliyofundisha kabla ya mwaka 2014, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba inawezekana. Walipotangaziwa msiba, waliambiwa wamepoteza shujaa. Mtu huwezi kupoteza usichowahi kupewa.

Ng'ambo ya mto hali si tofauti sana. Mwaka 1979 bao la Peter Tino kule Ndola liliipa Taifa Stars sare dhidi ya Zambia na tiketi ya kwenda fainali za Afrika za Lagos mwaka 1980. Tanzania ilisubiri hadi mwaka 2019 kurudi kwenye fainali hizo, miaka 39 kamili. Kwa muda wote huo kikosi cha 1980 ndicho kilichokuwa mfano pekee wa kuwaonyesha watoto. Je, mtoto wa Nanyamba au Newala akitaka kumwandikia mchezaji wa kikosi kile, aandike SLP ngapi?

Swali hili nimewauliza watu wa mpira wengi. Kila mmoja ananiambia, "Mwalimu, nipe namba yako ya simu, nitakuulizia." Hapa ndipo penye tatizo. Kumpata mchezaji mstaafu kwetu kunategemea kumjua anayemjua. Mtoto hamjui yeyote.

Natambua kuna hoja dhidi yangu, nami sitazikwepa.

Hoja ya kwanza ni nzito kuliko zote. Watu wataniambia: Mwalimu, ilipofika mwaka 2022 waliohama makwao Cabo Delgado walikadiriwa kufikia milioni moja, shule zimechomwa, wewe unazungumzia saini za wacheza mpira?

Ndiyo, naizungumzia, na kwa sababu hiyo hiyo. Watoto ninaowafundisha wamepoteza vyeti vya kuzaliwa, wazazi wao wamepoteza vitambulisho. Kila ofisi wanayofika wanatakiwa kuthibitisha kwamba wao ni wao. Madawati tutapewa na wafadhili, na tunayahitaji. Lakini hakuna mfadhili anayeweza kumpa mtoto jambo hili: kwamba aliuliza swali kwa mtu mkubwa aliye mbali, na mtu yule akamjibu yeye, kwa jina lake. Mtoto wa namna hiyo huanza kuamini kwamba maneno yake yanafika mahali. Hilo ni somo la kwanza la uraia. Mtoto asiyeamini kwamba sauti yake inafika, wapo wengine msituni wanaomsubiri wamfundishe njia nyingine ya kusikika.

Hoja ya pili ni ya simu. Kwa nini barua wakati kuna WhatsApp? Jibu langu ni kwamba mzee wa miaka 70 au 80 mara nyingi hana simu ya namna hiyo, au anayo lakini imeshikwa na mjukuu. Tena ujumbe wa simu huandikwa kwa haraka na kusahaulika kwa haraka. Barua humlazimisha mtoto kufikiri: huyu mzee alicheza lini, alicheza nafasi gani, nimuulize nini ambacho wengine hawajamuuliza? Ili aandike ukurasa mmoja wenye adabu, atasoma kurasa 10.

Hoja ya tatu ni ya biashara. Ni kweli, huko Marekani fedha zimeingia. Mwaka 2022 kadi moja ya Topps ya mwaka 1952, yenye picha ya Mickey Mantle, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Palipo na fedha hapakosi matapeli. Katika miaka ya 1990 polisi wa shirikisho la Marekani, FBI, waliendesha msako mkubwa dhidi ya mitandao ya saini bandia, na walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya vitu vyenye saini za wanamichezo vilivyokuwa sokoni vilikuwa vya uongo.

Lakini angalia dawa yake ilivyo rahisi. Aliyeandika barua kwa mkono wake, akapokea bahasha yake mwenyewe ikiwa na mwandiko wake mwenyewe juu, hana shida ya kutapeliwa na muuzaji, kwa sababu hakununua. Jina la mtoto likiandikwa pamoja na saini, kadi hiyo haina thamani kubwa sokoni. Thamani yake iko kwa huyo mtoto. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawafundisha waombe jina lao liandikwe.

Wapo pia watakaosema kuandikiana barua ni utamaduni wa Kizungu. Hao hawaijui pwani yao. Katika karne ya 19 watawala na masheikh wa pwani hii waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na barua zao zimehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka mjini Maputo. Mababu zetu walijua kwamba mtu usiyeweza kumfikia kwa miguu unamfikia kwa karatasi. Hata barua ya mkono, inayobebwa na nahodha wa jahazi au abiria wa basi, ni jambo letu tangu zamani.

Shida yetu ya kweli ni posta. Mwaka 2021, mwaka ule ule Palma iliposhambuliwa, Serikali ya Msumbiji ilitangaza kulivunja shirika la posta la taifa, Correios de Moçambique. Sababu zilizotolewa ni za kiuchumi na sitaki kuzibishia hapa. Nasema tu matokeo yake kwa mwalimu wa kijijini: siwezi kumwambia mwanafunzi aandike anwani ya kurudishia barua, kwa kuwa anwani hiyo haipo.

Kwa hiyo tumerudi kwenye njia ya zamani. Barua za darasa langu husafiri na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Namoto na Kilambo hadi Mtwara. Huko rafiki yangu mmoja wa shule, ambaye bado ana sanduku la posta, huzitia stempu na kupokea majibu kwa niaba yetu. Usalama wa barabara ukiwa mbaya, barua husubiri. Zinaposubiri sana, watoto huniuliza kila Jumatatu.

Kadi za kuchapishwa hatuna, nasi hatukukata tamaa. Watoto hukata vipande vya karatasi ya manila, upande mmoja wakachora mchezaji, upande wa pili wakaandika jina, timu, nafasi na miaka aliyocheza. Kadi hizo za kuchorwa ndizo tunazotuma. Nina hakika kwamba hakuna mzee aliyewahi kuona picha yake ikiwa imechorwa na mtoto wa Palma akaitupa.

Mwaka wa kwanza tulituma barua 14, tukapata majibu matano. Mzee mmoja hakurudisha kadi, aliibakisha, akatuma barua kuomba radhi kwamba imempendeza mno. Mwenye kadi hiyo ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Tumejiwekea masharti machache, na ninayatoa hapa kwa mwalimu yeyote atakayependa kuyatumia:

Kwanza, barua iwe fupi na iandikwe kwa mkono na mtoto mwenyewe. Mwalimu asahihishe, asimwandikie.

Pili, itajwe mechi au mwaka mmoja ambao mtoto ameusoma au amesimuliwa. Kumwambia mzee "wewe ni nyota" hakumwambii kitu. Mwambie ulisikia alivyocheza siku ile.

Tatu, isiombwe fedha, jezi wala msaada wowote, hata kama nyumbani hakuna unga. Mzee huyu huenda naye hana unga. Saini haipunguzi chochote kwake, na ndiyo sababu tunaweza kuiomba bila aibu.

Nne, kadi ziwe mbili na si zaidi. Moja asaini, moja abaki nayo.

Tano, bahasha ya majibu iwe tayari. Kwa nchi za nje hili ni gumu. Zamani ilikuwapo njia ya kuponi ya kimataifa ya majibu, iliyoanzishwa na Umoja wa Posta Duniani tangu mkutano wake wa Roma wa mwaka 1906. Mpokeaji alibadilisha kuponi hiyo posta ya kwao kwa stempu. Lakini Uingereza iliacha kuziuza mwishoni mwa mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Ndiyo maana nasema tuanze na wazee walio ndani ya nchi zetu.

Na katika hao, tuanze na wa karibu kabisa. Si lazima awe aliwahi kucheza Lisbon au Lagos. Kila mji wa pwani hii, kutoka Palma hadi Ibo, una babu aliyekuwa golikipa hodari wa timu ya wilaya, ambaye leo anasuka nyavu na hakuna mtoto anayejua. Mzee mmoja tuliyemwandikia hajui kusoma. Mjukuu wake alimsomea barua, naye akasaini kadi kwa dole gumba. Darasani ulizuka mjadala kama hiyo ni saini au si saini. Niliwaambia kwamba mbele ya hakimu ni saini, na mbele yangu pia.

Sasa naomba niseme ninachotaka kifanyike, kwa sababu makala isiyo na ombi ni malalamiko.

Kwa mashirikisho ya soka ya Tanzania na Msumbiji: fungueni sanduku moja la posta kwa ajili ya wachezaji wastaafu. Moja tu kila nchi. Barua ije kwa jina la mchezaji, na karani mmoja awe na daftari la kujua kila mmoja anaishi wapi. Hakuna haja ya kutangaza makazi ya mtu hadharani, jambo ambalo lingewaletea usumbufu. Gharama yake ni kodi ya sanduku na muda wa karani.

Kwa klabu kubwa, Simba na Yanga zikiwa mbele: mna ofisi, mna magari, mna wanachama kila wilaya. Daftari la wachezaji wenu wa zamani na mahali walipo lisiwatoe jasho. Likiwapo, litawafaa pia siku mzee akiugua, badala ya kusubiri habari yake itoke magazetini akiwa hoi kitandani.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili mlio ng'ambo ya mto: ile barua ya kirafiki mnayoifundisha, itoeni daftarini. Wino mwekundu ukishapita, mwambieni mtoto ainakili vizuri, itiwe katika bahasha na iende. Wanafunzi watasahau mpangilio wa aya. Hawatasahau siku majibu yalipofika.

Kwa wastaafu wenyewe: mkipata barua ya mtoto, hata kama mwandiko ni mbaya na Kiswahili kimechanganyika na Kimwani au Kimakonde, msiiweke kando kusubiri nafasi. Sainini siku hiyo hiyo. Ninyi mna karatasi nyingi za kusubiri, mtoto huyo ana moja tu.

Na kwako msomaji wa kawaida: huhitaji shirikisho wala klabu. Katika mtaa wako yupo mzee aliyechezea timu ambayo baba yako aliishangilia. Mpe mwanao kalamu na karatasi jioni ya leo, umweleze habari za mzee huyo, kisha umwache aandike. Barua hiyo haihitaji hata stempu, anaweza kuipeleka kwa mguu. Lakini asisahau kuweka ndani bahasha ya pili yenye jina lake.

Naomba kutoa hoja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule wilayani Palma, Cabo Delgado, Msumbiji. Alisoma mkoani Mtwara, Tanzania.